Kalvati Lililoziba na Mali ya Chama: Somo la Usalama wa Madaraja ya Reli

Wanachama wengi wa vyama vya msingi mkoani Shinyanga huiona reli kila siku, huivuka na ng'ombe wao asubuhi na jioni, lakini ni wachache wanaoihesabu kuwa jambo linalowahusu. Reli, husemwa, ni ya Shirika. Ikiwa na ubovu, Shirika litajua. Somo hili lakusudia kuonyesha kwamba fikra hiyo ina gharama, na kwamba gharama yenyewe huandikwa katika vitabu vya chama, ingawa haiandikwi kwa jina lake. Katibu ataikuta chini ya riba ya mkopo, chini ya uchukuzi, au chini ya pembejeo zilizofika wakati mvua ya kupandia imekwisha kupita.

Na ichukuliwe, kwa mfano, kwamba chama kimoja kina mkopo wa pembejeo wa shilingi 60,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Kila mwezi mkopo huo hudai riba ya shilingi 600,000. Marobota yakilala miezi miwili kwa kuwa njia imekatika, na mnunuzi akachelewesha malipo kwa sababu hiyo, chama kimepoteza shilingi 1,200,000. Kama ushuru wa chama ni shilingi 20 kwa kilo, fedha hizo ni ushuru wa kilo 60,000 za pamba: pamba iliyopimwa, ikafungwa, ikapakiwa, na chama kisipate kitu. Hakuna mwizi aliyevunja ghala. Ni maji tu yaliyopita mahali yasipostahili kupita.

Njia ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928. Ni tawi la Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Upana wake kati ya reli na reli ni meta 1. Imepita mikononi mwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kisha Shirika la Reli Tanzania mwaka 1977, kisha kampuni ya TRL mwaka 2007, na kwa sheria ya mwaka 2017 imerudi tena kwa Shirika la Reli Tanzania. Wasimamizi wamebadilika, mito haikubadilika. Hata reli mpya ya kisasa, ambayo mkataba wa kipande chake cha kilometa 341 kutoka Mwanza hadi Isaka ulitiwa saini mwaka 2021, itavuka mabonde yale yale juu ya madaraja na makalvati yake yenyewe.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba mzigo wa Shinyanga unaokwenda bandarini kwa reli hauna njia ya pili. Hupita Isaka, Tabora, Dodoma, Gulwe, Kilosa na Morogoro. Mnamo Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe, katika bonde la mto Mkondoa, na treni za Reli ya Kati zikasimama kwa miezi kadhaa. Hata kama hakuna taruma moja lililong'oka Shinyanga, stesheni yake ilikuwa imefungwa upande wa bahari. Treni zikisimama mizigo yote hukimbilia malori, na mwenye lori hahitaji kuambiwa la kufanya na bei yake.

Njia husimama juu ya nini

Reli hukaa juu ya mataruma, mataruma hukaa juu ya kokoto, na kokoto hukaa juu ya tuta la udongo. Watu wengi hudhani kokoto zimewekwa ili kuyashikilia mataruma tu. Kazi hiyo ni kweli, lakini zina kazi nyingine iliyo kubwa vilevile, nayo ni kupitisha maji upesi ili tuta libaki kavu. Kokoto zikijaa vumbi, samadi na tope, maji hukaa. Treni ikipita, taruma huzama kidogo na kuinuka, huzama na kuinuka, na kila mara hulisukuma tope juu. Mahali penye madoa ya tope juu ya kokoto kiangazi, ambapo pembezoni pote ni pasafi, ni mahali panapougua.

Shinyanga ina taabu yake ya pekee, nayo ni udongo mweusi wa mbuga. Mkulima aujua: ukinywa maji huvimba na kunata, na jua likiwaka hupasuka nyufa ambamo mkono huingia. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kutosha hupasuka kuta mwaka wa kwanza. Tuta la reli lililopita juu ya udongo huo huinuka na kushuka kwa majira, na si sawasawa pande zote mbili. Kwa hiyo reli moja yaweza kuwa chini kuliko mwenzake, na behewa lililopakiwa vibaya likalalia upande mmoja. Joto nalo halikai nje ya shauri. Kipande cha reli chenye urefu wa meta 12 hurefuka karibu milimita 4 joto likipanda nyuzi 30, na ndiyo sababu huachwa nafasi ndogo kwenye maungio. Nafasi hizo zikiziba, au kokoto zinazoyabana mataruma ubavuni zikiporomoka, reli haina pa kwenda. Hupinda kama nyoka adhuhuri.

Lakini adui mkubwa ni maji, na mlango wake ni kalvati. Kalvati lililojaa mchanga nusu limebaki na nusu ya kazi yake, na mzigo mmoja wa matawi ya miiba unaosombwa kutoka boma la ng'ombe utamaliza nusu iliyobaki. Hapo tuta hugeuka bwawa. Tuta la reli halikujengwa kuwa bwawa: halina udongo wa kuzuia maji katikati yake, wala halina mahali pa kutolea maji yanayozidi. Maji hupanda, hupita juu, nayo yakiteremka upande wa pili hulimega tuta kutoka chini kwenda juu. Baada ya saa chache reli hubaki zikining'inia pamoja na mataruma yake kama ngazi iliyolazwa hewani. Mtu aliye karibu ataliona pengo hilo mara moja. Dereva wa treni ajaye usiku kwa taa yake ataona reli mbili zinazong'aa, hazikukatika mahali popote.

Shimo linalojifukia

Daraja lenye nguzo ndani ya mto lina hatari nyingine, na hii ndiyo isiyofahamika vizuri. Maji yakiigonga nguzo hugawanyika, hushuka chini kwa nguvu na kuzunguka, nayo huchimba mchanga ulio kwenye mguu wa nguzo. Nguvu ya maji haiongezeki kwa kadiri ya mwendo wake tu. Wahandisi wamekadiria kwamba maji yakiongeza mwendo mara mbili, uzito wa jiwe yanaloweza kulisukuma huongezeka hata mara 64. Mto wa msimu ambao juzi ulikuwa mchanga mtupu, watoto wakichimba visima vya kunywesha mbuzi, waweza leo kuyabeba mawe makubwa.

Shimo hilo huwa na kina kirefu kuliko wakati wote pale mafuriko yanapofikia kilele, yaani wakati ambapo hakuna anayeweza kuliona. Maji yakianza kupungua huuacha mchanga yaliokuwa wameubeba, na shimo hujifukia lenyewe. Asubuhi yake watu wakija kutazama hukuta mchanga uliosawazishwa vizuri kuliko jana, nguzo imesimama, daraja halina hata mkwaruzo. Husema, Mungu ametusaidia. Kumbe mchanga ule mpya ni mwepesi, haukushindiliwa, na msingi wa nguzo umekaa juu ya kitu kisicho na nguvu. Ndiyo maana wakaguzi hawatosheki kutazama. Huchoma chini kwa nondo ndefu kando ya nguzo ili kujua mchanga mgumu unaanzia wapi, na hulinganisha na kipimo cha mwaka uliopita. Kipimo kisichoandikwa mwaka jana hakiwezi kulinganishwa na chochote mwaka huu.

Mwishoni mwa Januari 1993, nchini Kenya, treni ya abiria ya njia ya Nairobi na Mombasa ilifika usiku katika daraja la mto Ngai Ndethya, ambao ulikuwa umefurika na kulidhoofisha daraja hilo. Daraja likaanguka, mabehewa yakatumbukia mtoni, na watu zaidi ya 100 wakafa. Mto huo si mkubwa. Mito midogo ya nchi kavu ndiyo inayodanganya, kwa kuwa kwa miezi minane au tisa haionekani kuwa mito.

Treni ikishainuliwa

Treni ikiacha njia, watu hukusanyika, mabehewa huinuliwa, mataruma yaliyokatika huondolewa, na baada ya siku mbili au tatu honi husikika tena. Kijijini jambo huhesabiwa limekwisha. Kwa mhandisi hapo ndipo kazi huanza, maana gurudumu lililoteremka halikuishia pale lilipoonekana. Laweza kuwa limeburutwa juu ya mataruma kwa mamia ya meta kabla ya behewa kupinduka, likikata misumari na boliti njia nzima.

Kama liliburutwa juu ya daraja, shauri ni zito zaidi. Msomaji atakuwa ameona kwamba juu ya madaraja mengi kuna reli mbili za ziada, zilizolazwa ndani ya zile reli mbili za kawaida. Hizo ni reli za ulinzi. Hazikuwekwa ili treni ipite juu yake. Zimewekwa ili gurudumu lililoacha njia lisitoke nje na kulivuta behewa mtoni. Zikisha kulizuia gurudumu zimefanya kazi yao, lakini pigo limekwenda mahali fulani: katika mihimili ya chuma, katika ribiti zinazoiunga, na katika vikalio ambavyo mihimili hukaa juu ya nguzo. Ufa mwembamba kama unywele katika mhimili haulivunji daraja leo. Hurefuka kidogo kwa kila treni inayopita, na rangi iliyopakwa upesi hulificha jambo hilo.

Kwa sababu hiyo, baada ya ajali au mafuriko huwekwa amri ya mwendo, nayo treni hulazimika kupita mahali fulani kwa kilometa 10 au 15 kwa saa. Katika mikutano ya vyama amri hiyo hulalamikiwa sana kuwa ni uvivu wa reli. Yafaa makatibu walieleze jambo hili ipasavyo. Mwendo mdogo hupunguza pigo juu ya daraja, na humpa dereva nafasi ya kusimama. La kulalamikiwa ni pale amri ya mwendo inapokaa mwaka hadi mwaka bila matengenezo, kwa kuwa hapo dawa ya muda imefanywa chakula.

Si kila ajali hutokana na njia. Ile ya tarehe 24 Juni 2002, kati ya Msagali na Igandu mkoani Dodoma, ambapo watu 281 walikufa, ilitokea baada ya treni ya abiria kurudi nyuma mlimani bila kuzuilika na kuigonga treni ya mizigo. Mnamo Juni 2022 mabehewa ya treni iliyotoka Kigoma yaliacha njia huko Malolo, mkoani Tabora, na watu 4 wakafa. Sababu hutofautiana, na kwa hiyo uchunguzi hauna budi kumalizika kabla ya watu kukubaliana juu ya mkosaji. Kijiji kinachokimbilia kumtaja dereva, au mchawi, hukipoteza kile kilichokuwa kimelala chini ya kokoto.

Sehemu ya wanachama wenyewe

Hapa somo lafika mahali pagumu, kwa sababu wanaohusika wana majina katika daftari la wanachama. Kando ya tuta maji hukaa, na penye maji mkulima wa Usukuma hutengeneza majaruba ya mpunga. Hakuna ubaya. Ubaya huja mvua zinapokatika mapema, mpunga ukiwa bado kuchanua, na mtu mmoja akaenda usiku kuziba mdomo wa kalvati kwa magunia ya mchanga ili maji yasimkimbie. Ni mtu mwenye njaa, si mhalifu wa kuzaliwa. Lakini mvua ikirudi ghafla, magunia yale yatakuwa bado yapo. Halmashauri ya chama ikijua jambo hilo na kunyamaza kwa kuwa mhusika ni mjumbe, imelichukua juu yake.

Mchanga nao una hadithi yake. Mchanga mzuri wa ujenzi hukusanyika karibu na madaraja, mahali maji yanapotulia, na ni rahisi kuingiza trekta hapo. Kuuchota chini ya daraja, au karibu nalo upande wa chini wa mto, ni kuuteremsha mto wote: mafuriko yajayo yataanza kuchimba kutoka pale mchotaji alipoishia. Hata chama chenyewe kinapojenga ghala hununua mchanga kwa bei ndogo kuliko zote, na mara nyingi halmashauri haiulizi umetoka wapi.

Kuhusu chuma maneno machache yatosha. Penye karasha za kusagia mawe ya dhahabu na penye wafua vyuma, chuma kigumu hakikosi mnunuzi. Boliti nne zikiondolewa kwenye ungio moja la reli, aliyeziuza amepata fedha ya chakula cha siku moja. Ng'ombe wanaovushwa mahali pamoja kila siku huzisukuma kokoto chini na kufanya njia ya maji kwenye ubavu wa tuta. Dawa yake ni kukubaliana na wakuu wa reli juu ya kivuko kimoja kilichowekwa mawe.

Asili ya mchanga unaoziba makalvati iko mbali zaidi, katika miinuko iliyovuliwa miti. Misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o na kupanua mashamba, na maji ya mvua yakakosa kizuizi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliirudia desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kuyafunga malisho ili yapumzike, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudishiwa uoto. Ngitili husifiwa kwa kuni, nyasi na dawa. Isifiwe pia kwa kalvati lililo kilometa tano chini yake ambalo halikujaa mchanga.

Vyama vya Geita vyaweza kuuliza haya yanawahusu nini, maana reli haifiki kwao na mito yao huingia ziwani. Mizigo yao hushuka Isaka, Shinyanga au Mwanza kisha huendelea kwa barabara, na tangu Juni 2025 magari ya kutoka Mwanza hupita juu ya daraja la Kigongo na Busisi badala ya kungoja kivuko. Barabara ina makalvati kama reli. Machimbo madogo hukata miti kwa ajili ya matimba ya mashimo, na huacha vifusi vya udongo uliooshwa kwenye mabonde. Mvua ya kwanza huvipeleka vifusi hivyo moja kwa moja kwenye kalvati la barabara ya kwenda kituo cha kununulia pamba. Tofauti ni kwamba lori huweza kuzunguka.

Namna ya kutoa taarifa

Mwaka 1879 huko Uskoti daraja refu la reli juu ya mto Tay lilianguka usiku wa dhoruba, na treni nzima ikaangamia pamoja na wote waliokuwamo. Katika uchunguzi ilibainika kwamba mtunza daraja, ambaye ufundi wake ulikuwa wa matofali na si wa chuma, aliwahi kuvisikia vyuma vya kukazia vikigongana. Akavitilia vipande vya chuma ili vikaze, naye hakuwaarifu wakuu wake. Bidii yake ilikuwa kubwa. Kilichokosekana ni karatasi moja.

Mwanachama au kijiji kisijaribu kutengeneza njia, wala kuzibua kalvati la reli bila ruhusa. Kazi yake ni kuona na kuarifu. Taarifa isemayo "daraja letu ni bovu" haimsaidii mtu. Kandokando ya njia kuna nguzo za kilometa zenye namba. Katibu azisome, au amtume mtu azisome, na aandike hivi:

"Kwa Mkuu wa Stesheni. Ndugu, YAH: KALVATI LILILOZIBA. Kati ya nguzo ya kilometa ..... na ....., upande wa mashariki, kuna kalvati ambalo mdomo wake umejaa mchanga na matawi hadi zaidi ya nusu. Lilionekana tarehe ..... saa ..... na wanachama wawili wa chama hiki. Maji yalisimama upande huo kwa siku tatu baada ya mvua ya tarehe ..... Tunaomba likaguliwe kabla ya mvua za masika. Nakala: Ofisi ya Kijiji. Wako katika ujenzi wa Taifa, Katibu."

Nakala itiwe mhuri wa tarehe stesheni ilipopokelewa na iwekwe katika jalada lake. Ikipita wiki mbili bila jibu, barua ya pili iitaje ya kwanza kwa tarehe, na nakala ipelekwe kwa Mkuu wa Wilaya na kwa LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu iliyoundwa mwaka 2019. Ukaguzi wa vijiji ufanywe mara mbili kwa mwaka: Oktoba kabla ya mvua, na Mei kabla ya msimu wa ununuzi.

Hatari ikiwa imekwisha tokea, yaani tuta limekatika au reli imepinda, barua haifai. Mtu mmoja apige simu stesheni, au akimbie. Wengine wawili waende kando ya njia, mmoja kila upande, maana treni yaweza kutoka Tabora au Mwanza. Waende mbali, kilometa nzima ikiwezekana, kwa sababu treni ya mizigo iliyojaa huhitaji mamia ya meta kusimama. Mchana wapunge kitambaa chekundu, na wasipokuwa nacho wainue mikono yote miwili juu ya kichwa. Usiku wapunge taa yoyote kwa nguvu. Wasisimame katikati ya reli.

Kwa mazungumzo ya kikundi cha masomo: Chama kina makalvati mangapi ya reli au ya barabara kati ya ghala lake na stesheni au kituo cha lori, na ni yapi yaliyozibwa leo? Ni nani katika halmashauri atakayekwenda kuzungumza na wenye majaruba, na atawaambia wapate maji wapi? Mchanga wa ghala jipya ulichotwa wapi?